Mwandishi, Mganga na Jabali

Jina ndilo lililonivuta. Rafiki yangu alinitumia albamu usiku, nikaona imeandikwa "Mwandishi", nikajua ni msanii wa huku kwetu. Kumbe ni Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazi mzaliwa wa Chicago, na albamu ilitoka 1971.

Miaka ile Wamarekani weusi wengi walijichagulia majina ya Kiswahili, na bendi nzima ikafanya hivyo. Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta aliitwa Mganga, na hilo nalipenda kuliko yote, maana alikuwa daktari kweli, wa kusomea.

Sasa vaa hedifoni, zima taa. Wimbo wa kwanza, "Ostinato", ni heshima kwa Angela Davis, mwanaharakati wa Wamarekani weusi. Besi na klarineti ya besi zinashika mstari mmoja mzito na kuurudia, na mapigo ni 15 kabla haujaanza upya. Nilikuwa nikihesabu kwa kugonga goti. Siku niliyoacha kuhesabu ndiyo siku mwili ulipoushika.

Ule upana wa anga unatokana na mwangwi. Hancock alipitisha kinanda chake cha umeme, Fender Rhodes, kwenye mashine ya utepe inayonasa sauti na kuirudisha, kila mara ikififia zaidi. Anagusa noti moja, anainua mkono, na noti inazidi kwenda mbali. Wenzake wanaiacha iende. Hakuna anayekimbilia kujaza pengo, na ni uvumilivu huo hasa unaonirudisha kwenye albamu hii.

Baadaye sinthesaiza, vinanda vinavyounda sauti kwa umeme, ziliingia kwa nguvu, kwenye albamu ya Crossings ya 1972, kisha Sextant ya 1973, ambako "Rain Dance" inadondosha sauti kama matone ya kwanza kwenye bati. Nazipenda zote mbili, ila Mwandishi ina nafasi zaidi ya kupumua.

Wimbo wa mwisho, "Wandering Spirit Song", unapita dakika 20. Aliutunga Julian Priester wa tromboni, ambaye jina lake la bendi lilikuwa Pepo Mtoto. Juzi umeme ulikatika nikiwa katikati yake. Feni ikanyamaza, simu ikaendelea, na safari hii nikausikia mwangwi wa kinanda mpaka tone lake la mwisho.