Leo tumechuma mnafu na bibi, Kibosho

Mvua imenyesha, pembeni ya mfereji mnafu umejaa tele. Asubuhi bibi katuchukua mimi na binti wa dada yangu tukachume mboga ya mchana.

Mtoto kashika mche mmoja, majani mapana, umependeza kweli. Bibi kamdaka mkono.

"Huo acha, mama."

Akalifikicha jani, akatupa tunuse. Jamani, ile harufu! Nzito, inachefua, hadi saa hizi naisikia puani.

Ni datura, mmea wenye sumu. Majani yake yana meno makubwa yasiyolingana, ua jeupe refu lenye umbo la tarumbeta, tunda lina miiba. Mnafu una viua vidogo vyeupe, katikati njano, na vitunda laini vinavyoiva vyeusi.

Sumu ya datura ni atropini na skopolamini. Mdomo unakauka, mboni zinatanuka, moyo unakwenda mbio, mtu anaweweseka. Inaua. Na usitegemee kuchemsha kuiondoe.

Kinachonitisha ni miche michanga, haina ua wala tunda. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye kapu bila kuonekana. Bibi hakwanyui konzi nzima: anachuma shina moja moja, analigeuza, analitazama, ndipo anaweka. Kisha akatunawisha mikono kabla hatujagusa macho.

Nimeapa kujifunza yote anayoyajua, angali na nguvu.

Ndugu zangu wa Machame, Marangu, Rombo: nyumbani mlionywa mmea gani? Mliutambuaje? Niandikieni hapa, nimsomee bibi jioni.