Siku niliyokaa nyuma ya kaunta Mtaa wa Uhuru

Hii ilikuwa 2013, nina mwaka mmoja tu tangu nimalize chuo, na nlikuwa na programu yangu ya mauzo na stoku niliyoiandika kwa PHP na MySQL, miezi saba usiku na mchana chumbani Sinza, naamini kwa dhati kabisa kwamba wafanyabiashara wa Kariakoo wanaisubiri. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja anauza kanga za jumla pale Mtaa wa Uhuru, anafahamiana na mama yangu mdogo. Tulikubaliana laki sita, nusu siku ya kufunga sistimu na nusu baada ya miezi miwili.

Miezi miwili ikaisha nikaenda kuchukua changu. Kodi ya chumba ishapita tarehe, nauli yenyewe nimeazima, yani ile laki tatu nlishaipigia hesabu yote. Nafika dukani nakuta kompyuta imefunikwa kitambaa, juu ya kitambaa kuna kikokotoo na kaunta buku la kwaya tatu limefunguliwa katikati, na mama anaandika humo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kalamu. Niliumia mpaka koo likakauka.

Alipomaliza kuandika akaniambia, "Mwanangu, hii mashine yako haijui watu."

Nikaanza kumweleza ripoti za mwezi, grafu, jinsi stoku inavyojihesabu yenyewe, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akavuta stuli. "Kaa hapa mpaka tufunge. Kompyuta usiiguse, we angalia tu. Hela yako nakupa leo leo."

Nikakaa. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi.

Akaja dada mmoja anataka "Sisi sote abiria dereva ni Mungu", ile ya bluu. Yule kijana wa dukani akaitoa fasta. Hapo ndo nikashtuka, kwa sababu kwenye programu yangu kila kanga nlikuwa nimeipa namba, KG-014, KG-015, hivyo hivyo mpaka mwisho, na hakuna mtu hata mmoja duniani anayekwenda dukani kuulizia KG-014, kanga inaitwa kwa jina lake yale maneno yaliyoandikwa. Halafu mwingine akataka doti tano, mwingine korija mbili. Mi kwangu kulikuwa na kisanduku kimoja tu kimeandikwa "idadi". Doti ni vipande viwili, korija ni ishirini, yule kijana alikuwa anaingiza anavyojua ye mwenyewe, ndo maana stoku ilikuwa haikai sawa tangu wiki ya kwanza na mama akaacha kuiamini.

Ila hilo lilikuwa dogo. Kwenye saa sita hivi akaingia mama mmoja wa Masasi, wakasalimiana kirefu, habari za watoto, za mgonjwa, chai ikaletwa, ndo mzigo ukaanza kufungwa. Mzigo mkubwa. Akalipa kidogo sana, zilizobaki mali kauli, yani anachukua kwa neno lake, anaenda kuuza, ndo anarudi kulipa. Nikanyoosha shingo nione kinachoandikwa kwenye daftari. Jina lake, mzigo, alichotoa, jina la aliyemleta mara ya kwanza ambaye ndo mdhamini wake, na pale kwenye siku ya kulipa mama aliandika neno moja tu: korosho. Maana yake korosho zikishauzwa kule kusini hela inapatikana, na kila mtu pale dukani anaelewa ni miezi gani.

Nlikaa nikilitazama lile neno. Programu yangu haikuwa na sehemu ya deni kabisa. Mauzo yaliyopita siku ile niliyahesabu kwa vidole, 27, na ya keshi yalikuwa 9. Nlikuwa nimemtengenezea huyu mama sistimu ya theluthi moja ya biashara yake, na miezi saba yote ile sikuwahi kukaa dukani kwake hata saa moja.

Jioni nikamwambia naomba nianze upya, na hiyo laki tatu asinipe. Akanipa nusu yake, akasema kijana lazima ale. Na bei akaipanga ye mwenyewe, elfu ishirini kila mwezi, maana laki sita kwa mkupuo zinauma lakini elfu ishirini hazisikiki, ni kama hela ya mchezo. Mpaka leo wateja wangu wote nawatoza kwa mwezi.

Nlirudi pale kila siku kwa wiki tatu. Nikataka niweke meseji ziende zenyewe kwa wadaiwa, akakataa kabisa. "Deni halidaiwi na mashine. Mtu unampigia, unamsalimia, unauliza hali, ndo unadai." Basi nikaweka kitu kimoja tu, kila saa kumi jioni kompyuta inamtolea majina matano ya kupigia, na mbele ya kila jina kuna kile alichokiandika ye mwenyewe, mgonjwa, msiba, korosho.

Siku ya kukabidhi akavaa miwani, akakaa kwenye kiti, akaanza kuandika kwa kidole kimoja taratibu sana. Wiki iliyotangulia nlikuwa nimechukua doti moja ya kumpelekea mama yangu, sina hela. Nikasogea nyuma yake kuangalia mdaiwa wa kwanza kuingia kwenye programu. Lilikuwa jina langu, doti moja, mdhamini mama mdogo, na kwenye siku ya kulipa ameandika: akipata mteja wa pili.