Bastola iliyonikaa mkononi

Pete yangu ya ndoa ilipunguzwa mara mbili kwa sonara wa Ngara, kwa hivyo nilipopata leseni ya bastola nilijua shida itakuwa mpini. Mume wangu ana bastola aina ya Glock 17. Nikiishika, kidole kinafikia kifyatulio kwa ncha tu, na risasi zangu zilikuwa zikienda kushoto, kushoto, kushoto.

Mkufunzi wetu, mzee mpole, akasema: "Mama, mkono hauna kosa. Badilisha bastola."

Nikajaribu Glock 43X. Magazini yake, yaani kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, hubeba risasi 10 badala ya 17, ndiyo maana mpini ni mwembamba. Nyama ya kidole ikatua pale pale, mtutu ukiwa umenyooka na mkono. Lakini ni nyepesi, hivyo inapiga teke zaidi. Baada ya risasi 50 kiganja kilikuwa kinawaka. Kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, nako kulinishinda mpaka nikafundishwa kuishikilia kwa kushoto, kisha nisukume mpini mbele kwa kulia.

Vile vibastola vya mfukoni ambavyo kila mtu hudhani ni vya wanawake? Sivitaki. Kidole cha mwisho kinaning'inia hewani.