Siku moja ya daktari mtarajali katika wodi ya wazazi

Nikiwa mtarajali, yaani daktari aliyemaliza chuo na bado yuko kwenye mafunzo kazini, saa 12:30 asubuhi huwa nimeshaingia wodini, kwa sababu kabla ya ripoti ni lazima nijue kila mama amelalaje na presha yake imesomekaje.

Saa 2, katika ripoti ya asubuhi, mwenzangu aliyetoka zamu ya usiku alisimama kueleza habari za mama mwenye kifafa cha mimba. Daktari bingwa alimkatiza kabla hajafika mbali, akamwuliza ni nani aliyemfaulisha chuoni, kisha akamwacha amesimama hadi kikao kikaisha, mbele ya wauguzi na wanafunzi. Wapo waliocheka. Hakuna aliyeuliza mama yule anaendeleaje.

Tunaambiwa kwamba mabingwa wetu walipitia makubwa zaidi. Maswali magumu nayapokea, tena nayahitaji. Lakini matusi hayajawahi kumfundisha mtu kipimo cha dawa.

Raundi na kazi za maabara zilituchukua hadi mchana.

Saa 10 jioni mama yule alitakiwa kupata dozi nyingine ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, ambayo hurudiwa kila baada ya saa 4 iwapo mgonjwa anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti lake linashtuka likigongwa, na mkojo haujapungua chini ya mililita 30 kwa saa. Tangu saa 6 mchana mfuko wake wa mkojo ulikuwa umepata mililita 80 tu. Mtarajali wa zamu alikuwa ameshika simu bila kupiga, kwa kuwa mara ya mwisho alipopiga aliambiwa asimsumbue bingwa kwa mambo ya kitoto. Dawa hii ikizidi mwilini husimamisha pumzi! Nikapiga mimi. Nilifokewa, kisha nikapewa agizo: dozi isitolewe, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga madhara ya magnesiamu, iwekwe tayari kando ya kitanda.

Utarajali ni wa miezi 12, na bila kuthibitishwa kwamba umeumaliza, Baraza la Madaktari Tanganyika halikupi usajili kamili. Anayetutukana ndiye anayetusainia daftari la mafunzo. Ndiyo sababu wengi hunyamaza.

Saa 2 usiku watatu tuliandika barua kwa mratibu wa watarajali, tukiomba kumpigia bingwa simu kusihesabiwe kosa, na saini zetu zisiwe mikononi mwa mtu mmoja. Mwenzetu aliyeachwa amesimama asubuhi aliomba jina lake lisiwemo. Tumemkubalia, na kesho naipeleka ikiwa na majina mawili.