Fantasia na mapenzi kutoka kwa waandishi wasiovuma

Wapenzi wa riwaya za fantasia, anzeni na SPFBO (Self-Published Fantasy Blog-Off), shindano lililoanzishwa na mwandishi wa fantasia Mark Lawrence mwaka 2015 kwa waandishi wanaojichapishia. Vitabu 300 hugawanywa kwa makundi 10 ya wahakiki, kila kundi huchagua kimoja, hivyo 10 huingia fainali. Msiishie kwa mshindi! Mimi huwapenda zaidi hao tisa wengine.

Za mapenzi? Subirini Julai. Smashwords, duka la vitabu vya kielektroniki mtandaoni, hushusha bei za vitabu vingi mwezi mzima, na vingine hutolewa bure. Pakueni sampuli kwanza, muisome yote: sura ya kwanza mwandishi huinoa sana, ulegevu wa mazungumzo hujitokeza kuanzia ya tatu. Halafu hakikisheni mfululizo umekamilika, maana kitabu cha kwanza cha bure mara nyingi hukatikia patamu, wapendanao hata hawajapatana.