Safu nzima iliandikwa halali

Sahare, Tanga. Jumapili usiku.

Bamvua limepita na pwani imetulia, nami nimerudi kwenye daftari la pweza. Maji yanapotoka, kina mama hushuka mwambani. Wakirudi, nampima kila pweza na kuandika gramu zake, kisha usiku naziingiza kwenye R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu. Ninachotaka kujua ni wangapi wako chini ya gramu 500, kwa kuwa hao kanuni za uvuvi haziwaruhusu.

Mwezi uliopita nilimsomea shangazi matokeo: wote halali. Akaweka ungo chini. "Mwanangu, hao pweza uliwaona kwa macho yako?" Niliwaona. Wale wadogo niliwashika kwa mkono wangu huu.

Nilikuwa nimeandika if (uzito < 500) "mdogo" else "halali". Kumbe if hupokea swali moja lenye jibu moja, na mimi niliipa pweza 83. Kompyuta ile ina R ya zamani. Ilimtazama wa kwanza tu, naye alikuwa na kilo na robo, basi ikajaza "halali" mpaka mstari wa mwisho. Onyo ilitoa, kwa maandishi mekundu, nikalipita. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tangu toleo la 4.2.0 la mwaka 2022, R ikipewa safu ndani ya if husimama papo hapo na kukataa kuendelea. Naipenda kwa hilo.

Leo nimeandika ifelse(uzito < 500, "mdogo", "halali"). Swali linaulizwa mara moja, na kila pweza anajibiwa kwa uzito wake mwenyewe. Tena hata bila ifelse, ile uzito < 500 peke yake huzaa safu ya TRUE (kweli) na FALSE (si kweli), na kwa kuwa TRUE huhesabiwa 1, sum, amri ya kujumlisha, inatosha kukupa idadi ya wadogo. Masharti yakiwa mawili, unganisha kwa & moja. Ile && ni ya jibu moja, na kuanzia toleo la 4.3.0 nayo haikubali safu.

Nilipoita sum, jibu likaja NA, yaani haijulikani. Nikakumbuka: mzani uliishiwa betri, pweza wawili wa mwisho sikuwapima. R haikuwaita wadogo wala wakubwa, na asiyejulikana mmoja tu anatosha kuifanya jumla yote isijulikane. Nimeweka na.rm = TRUE, yaani ziondoe zile NA, ili nipate hesabu ya waliopimwa, lakini kwenye ripoti nimewaandika wale wawili katika mstari wao: hawakupimwa. Kuwahalalisha kwa kunyamaza ningemdanganya shangazi mara ya pili.

Kesho alfajiri, kabla hajabandika chai, nitamsomea upya. Wadogo ni 19.