Jinsi Tulivyowakabidhi Wanafunzi Maonyesho ya Anne Frank Huku Boise

Nilipohamia Boise, mji mkuu wa jimbo la Idaho nchini Marekani, nilikuwa nimefundisha somo la historia katika shule ya sekondari mkoani Kigoma kwa miaka tisa, na sikutegemea kwamba Kiswahili ndicho kingenipatia kazi ugenini. Mji huu umepokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, baadhi yao wakiwa wamekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, na shule zinahitaji mtu wa kusimama kati ya walimu na wazazi: kutafsiri barua, kufafanua ripoti ya mwanafunzi, kumpigia mama simu mtoto anapougua darasani. Hiyo ndiyo kazi yangu hadi leo, na ndiyo iliyonifikisha kwenye jambo ninalotaka kulieleza.

Siku moja mvulana wa miaka kumi na minne, mzaliwa wa Nyarugusu, alinifuata na simu yake mkononi. Kwenye mlango wa kabati lake la vitabu mtu alikuwa amechora swastika, ule msalaba uliopinda wa Wanazi wa Hitler waliowaua Wayahudi, kwa makapeni nyeusi, naye akaipiga picha. Aliniuliza kwa utulivu kabisa, "Mwalimu, hii ni alama ya timu gani?" Nilikaa kimya kwa muda kabla ya kumjibu. Aliyechora alikusudia kumtisha, na mtoto hakuwa hata na ujuzi wa kutambua kwamba ametishwa. Mchoro ulifutwa siku hiyohiyo, kisha ikaandikwa barua kwa wazazi ambayo nilitakiwa kuitafsiri, nayo ilizungumzia "tukio lisilofaa" bila kusema ni tukio gani. Niliitafsiri kama ilivyo, kwa kuwa ndio wajibu wangu, lakini niliona wazi kwamba mzazi atakayeisoma hatajua mtoto wake amefanyiwa nini.

Ndipo nilipoanza kutafuta namna ya kuwafundisha wanafunzi wote, waliochora na waliochorewa, jambo hili linatoka wapi. Jibu lilikuwa karibu nami. Kando ya Mto Boise, karibu na maktaba ya mji, kuna kumbukumbu ya haki za binadamu iliyopewa jina la Anne Frank, msichana Myahudi aliyeandika shajara akiwa amejificha Amsterdam wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kufunguliwa mwaka 2002. Pale pana sanamu ya msichana huyo akichungulia dirishani, daftari mkononi, na kwenye ukuta yameandikwa maneno yote ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ibara zake 30 bila kuruka hata moja. Chimbuko la kumbukumbu hiyo ni maonyesho yaliyosafiri kutoka Amsterdam na kuzungushwa Idaho mwaka 1995. Yalipoondoka, watu wa hapa hawakutaka yaondoke na somo lake. Desemba 2020 ilibandikwa stika za swastika kwenye sanamu hiyo. Kwa hiyo nilipowaambia walimu wenzangu kwamba mchoro wa kabatini haukuwa utundu wa mtoto mmoja tu, nilikuwa na mfano wa mahali ambapo wao wenyewe hupita kila siku.

Nyumba ya Anne Frank, ile jumba la makumbusho la Amsterdam lililofunguliwa mwaka 1960 katika jengo ambamo familia hiyo ilijificha, ina maonyesho ya mabango yanayosafirishwa kutoka shule hadi shule katika nchi nyingi. Tangu mwaka 2021 mshirika wake katika Amerika Kaskazini ni kituo kilichoko Chuo Kikuu cha South Carolina. Kilichonivutia zaidi ni utaratibu wake: anayeeleza mabango si mwalimu wala mtaalamu, bali ni wanafunzi, ambao hupewa mafunzo na kisha kuwaongoza wanafunzi wenzao. Nilizungumza na mwalimu wa historia na mkutubi, tukaandika maombi, tukachangisha gharama za usafirishaji kutoka kwa wazazi na makanisa mawili, tukaomba viti viondolewe maktabani kwa wiki tatu. Sitarefusha habari ya barua na vikao. Yeyote aliyewahi kuomba chumba shuleni anajua ilivyo.

Kosa kubwa tulilifanya kabla masanduku hayajafika, na mimi nilishiriki kulifanya. Katika kikao cha maandalizi ilipendekezwa kwamba wanafunzi wakimbizi wasimame mwishoni mwa mabango, kila mmoja asimulie yaliyomkuta, ili wageni waone kwamba chuki ipo hata leo. Wazo lilisikika zuri na nikaliunga mkono. Tulipofanya jaribio, binti mmoja wa Kikongo alianza kusema jina la kijiji chao, akasita, akatazama sakafu, na hakutoa neno tena. Nilimtoa nje, tukakaa kwenye ngazi. Baadaye aliniambia kwamba angependa kueleza habari za Anne, kwa sababu amezisoma na anazijua, lakini za kwake hataki watu wazitazame. Maneno hayo yalinichoma. Tulikuwa tumewaalika watoto hawa kama bango la mwisho la maonyesho, wakati wenzao wa Kimarekani tumewaalika kama watu wenye ujuzi. Nilirudi kwa kamati, nikasema kwamba nilikosea kuunga mkono, na kwamba kila mwanafunzi ataingia kwa mlango mmoja tu, mlango wa mwongozaji. Kulikuwa na ubishi kidogo, kisha ikakubalika. Waongozaji walipatikana kumi na wanane, saba kati yao wakiwa wasemaji wa Kiswahili, na yule binti akiwa miongoni mwao.

Mafunzo yalichukua siku mbili, na ningemshauri yeyote asiyapunguze. Siku ya kwanza watoto walijifunza historia yenyewe: kwamba Anne alizaliwa Frankfurt mwaka 1929, kwamba wazazi wake walihamia Uholanzi baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933, na kwamba sheria za kuwabana Wayahudi ziliongezwa moja baada ya nyingine. Mabango yanaweka picha za familia sambamba na matukio ya kisiasa, hivi kwamba unamwona mtoto akicheza ufukweni huku pembeni nchi inabadilika. Siku ya pili walifundishwa kuuliza kabla ya kueleza: unaona nini katika picha hii, nani amesimama wapi, nani anacheka, nani anatazama pembeni. Mwongozaji aliyekariri maneno ya bango huwachosha wageni ndani ya dakika tano tu, ilhali mwongozaji anayeuliza huwafanya waliomaliza waombe kubaki.

Kazi iliyonigusa binafsi ilikuwa ya lugha. Tulitaka kijitabu cha Kiswahili kwa ajili ya jioni ya wazazi, na nilidhani nitakimaliza kwa siku mbili. "Maangamizi ya Wayahudi" halikuwa gumu. Tulikwama kwenye mtu anayeshuhudia uonevu asifanye lolote, kwa maana bango zima linamhusu yeye. Niliandika "mtazamaji", na waongozaji wakanikatalia papo hapo: mtazamaji ni wa mpira na wa televisheni, amelipa kiingilio, hana kosa. Mmoja akasema kwamba kama kuna mpita njia, basi huyu ni msimama kando. Neno likakaa. Kwa yule anayeingilia kati nilipendekeza "mtetezi", lakini wakasema mtetezi ni mtu mkubwa, wakili au askofu, na wao wanataka neno ambalo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kulivaa. Wakachagua "asiyenyamaza". Tulibishana saa nzima juu ya maneno mawili hayo, na nadhani saa hiyo iliwafundisha zaidi ya siku yangu nzima ubaoni.

Maonyesho yalipofunguliwa tuliwapokea wageni kwa makundi ya watu kumi na wawili, kila kundi dakika arobaini na tano na waongozaji wawili. Bango nililolitazama zaidi lilikuwa la amri za kuwabana Wayahudi wa Uholanzi. Yule mvulana wa kabati ndiye aliyekuwa akiliongoza. Hakuanza na nyota ya njano ambayo Wayahudi waliamriwa kuivaa, ile ambayo kila kitabu huanza nayo. Aliwauliza wageni nani amekuja shuleni kwa baiskeli, mikono ikainuka, akawaambia, "Wekeni funguo zenu hapa mezani." Waliziweka. Kisha akaeleza kwamba mwaka 1942 Wayahudi waliamriwa kusalimisha baiskeli zao, wakakatazwa na tramu pia, na kwamba mwaka mmoja kabla yake Anne alilazimika kuhama shule yake na kwenda shule ya Wayahudi peke yao. Kwetu Kigoma, na kambini pia, baiskeli ni mguu wa nyumba nzima: inabeba maji, kuni, mgonjwa. Alikuwa akieleza kitu anachokijua thamani yake, wala hakuhitaji kutaja kambi hata mara moja. Funguo zilikaa mezani hadi mwisho wa ziara, na nilimwona mwanafunzi mmoja akizigeukia mara kwa mara.

Baadhi ya wageni walisema hayo ni ya Ulaya na ni ya zamani. Kwa hiyo tuliongeza meza ndogo yenye historia ya Idaho yenyewe. Kaskazini mwa jimbo hili, Hayden Lake, kwa miaka mingi palikuwa na makao ya kundi la Aryan Nations, wabaguzi wa rangi wanaofuata mawazo ya Wanazi. Mwaka 1986 nyumba ya Bill Wassmuth, kasisi Mkatoliki wa Coeur d'Alene aliyekuwa akilipinga kundi hilo hadharani, ililipuliwa kwa bomu, naye akanusurika. Mwaka 1998 walinzi wa kundi walimfyatulia risasi mama mmoja na mwanawe waliokuwa wakipita kwa gari. Wawili hao walikwenda mahakamani, na mwaka 2000 baraza la wazee wa mahakama likaamuru walipwe zaidi ya dola milioni 6, jambo lililolifanya kundi lipoteze ardhi yake. Waongozaji waliipenda meza hiyo kwa sababu iliwapa watu wasionyamaza ambao walikula chakula cha hapa na kupita barabara za hapa.

Jioni ya wazazi walikuja wengi kuliko tulivyoandaa viti. Wengine waliwajua Wayahudi kutoka katika Biblia tu, na waliposikia kwamba waliuawa milioni 6, mama mmoja aliomba mwanawe arudie tarakimu hiyo. Binti niliyemtaja alikuwa kwenye bango la wasaidizi: Miep Gies, Bep Voskuijl, Johannes Kleiman na Victor Kugler, waliofanya kazi katika ofisi ya baba yake Anne na kuwalisha watu wanane mafichoni kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Agosti 1944. Aliposoma neno "msimama kando" kutoka kwenye kijitabu, mzee mmoja wa Kinyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, aliinua mkono, akaomba ruhusa ya kusema. Alikuwa Gatumba, nchini Burundi, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 walipouawa kambini. "Askari walikuwa karibu," alisema. "Walisikia. Hakuna aliyekuja." Kisha akamwambia binti, "Endelea, mwanangu." Hatukuwa tumemwomba; alichagua mwenyewe mahali, lugha na maneno. Binti akasubiri kidogo, akaendelea na habari za Miep, na sauti yake haikutetemeka.

Siwezi kusema kwamba chuki imekwisha shuleni. Mwezi wa pili baada ya maonyesho kuondoka, maneno machafu yaliandikwa tena chooni. Safari hii wanafunzi watatu, wawili wao waongozaji, walikwenda wenyewe kutoa taarifa, na barua iliyotumwa kwa wazazi ilitaja kilichoandikwa na kinamaanisha nini. Nilipoitafsiri sikuhitaji kuficha chochote.

Kijitabu cha Kiswahili tulikiweka ndani ya sanduku la mwisho, juu ya mabango, kabla lori halijaja kuyachukua. Shule iliyofuata imeniandikia ikiuliza kama kinaweza kupatikana kwa Kinyarwanda, na waongozaji wawili wanakaa nami kila Alhamisi baada ya vipindi. Bado hawajakubaliana juu ya neno la msimama kando.